Mistari Miwili Myekundu ya Uwandani

Wiki iliyopita mwanangu alirudi skuli na kalamu nene ya wino mwekundu, zile tunazoziita makapeni, akaifungua mezani achore bendera. Harufu ikapanda, kali na tamu kidogo, harufu ya kitu unachojua si cha kunusa na bado unakinusa. Akaniuliza mbona nimenyamaza ghafla. Nikamwambia kichwa kinaniuma. Kweli yenyewe ni kwamba nilikuwa nimesimama tena katika darasa la mwisho la skuli yetu, upande wa Gando kisiwani Pemba, nina miaka kumi na moja, natazama karatasi ambayo haikuwa yangu.

Nyuma ya skuli ile palikuwa na mahali tulipopaita Uwandani. Zamani, kabla sijazaliwa, ilikuwapo sakafu ya kuanikia karafuu. Nilipopata akili saruji yake ilikwishapasuka, na kila ufa umeota majani. Upande wa barabara watu walitupa taka. Upande wa pili mbuzi walifungwa. Katikati ya hapo wavulana walicheza mpira, na kila mwezi mmoja wao alirudi kwao akichechemea, kisigino kimechanwa na kigae cha chupa. Sisi wasichana hatukucheza. Tulikatiza tu, mbiombio, vichwa chini, maana msichana akisimama Uwandani bila ndoo wala mzigo, hakukosekana mtu wa kumpigia kelele kutoka dirishani amuulize anamngoja nani.

Mwaka ule alikuja Mwalimu Agnesi kutoka bara kutufundisha hesabu. Alipanga vyumba viwili karibu na skuli. Alikuwa Mkristo, na kila Jumapili asubuhi alipanda gari kwenda kanisani Wete, akarudi adhuhuri na mfuko wa machungwa. Hatukuwa na ubaya naye. Tulimwamkia, akaitikia. Lakini kumwamkia mtu ni jambo moja, kumjua ni jingine, na katika mtaa wetu hakuna aliyekuwa na haja ya kumjua.

Siku moja alitutangazia kwamba imekuja barua kutoka wilayani. Wanafunzi waulizwe wanataka maeneo yao ya wazi yawe vipi, wachore, wapange, na wao wa wilaya watasaidia miche na saruji. Anayetaka abaki baada ya masomo, Jumatatu na Alhamisi.

Bikombo aliinua mkono kabla Mwalimu hajamaliza kusema. Bikombo alikuwa ndugu yangu wa kunyonya. Mama yake aliponishika siku mama yangu alipougua, alinipa ziwa lake, na tangu hapo watu walitutaja pamoja kama viatu. Alipoinua mkono wake, wangu nao ukapanda wenyewe.

Nyumbani nilimwambia Baba wakati wa chakula. Baba alikuwa mwashi. Alikuwa na viganja vigumu na maneno machache, na kwa watoto wake sita maneno yenyewe yalikuwa machache zaidi. Aliacha tonge mkononi.

"Wawauliza nyie? Watoto?"

"Ndiyo, Baba. Wataka kujua tunataka nini Uwandani."

Alitafuna polepole. "Ntu akikuuliza wataka nini," alisema, "jua yeye keshajua alitakalo."

Nilijua anachokikumbuka, ingawa hakukitaja. Babu alikuwa na shamba la minazi karibu na pwani. Walikuja watu wazuri wa maneno, wakawauliza wazee wanataka nini, barabara au zahanati, wakaweka vigingi na kamba, wakaondoka. Waliporudi, shamba lilikuwa na mwenyewe mpya, na mwenyewe huyo alitaka ukuta. Baba, kwa kuwa ni mwashi na nyumbani kulikuwa na njaa, alikuwa mmoja wa walioujenga. Alilizungushia ukuta shamba la baba yake kwa mikono yake mwenyewe. Tangu hapo hakupenda kuona kigingi popote.

Nilitarajia atanikataza. Badala yake akasema, "Nenda. Nenda ukasikilize. Kila utaloliona, uje un'ambie. Mie tu."

Nataka nieleze vizuri jambo hili, maana ndilo lililonipeleka pabaya. Baba alikuwa hajawahi kuniambia "mie tu" kwa jambo lolote. Jumatatu ile ya kwanza, baada ya magharibi, aliniita barazani, akasogea kwenye mkeka nikae ubavuni pake. Akaniuliza, akangoja jibu, akaniuliza tena. Ndugu zangu walipita wakitutazama. Nilimweleza kwamba Mwalimu ana daftari, na ametuandika majina yote, na mahali tunapokaa. "Mahali mnapokaa," alirudia Baba, akitikisa kichwa, kana kwamba nimempa kitu kizito. Nililala siku ile nikiwa mtu mkubwa.

Basi nikaanza kutazama kwa macho yake. Alhamisi nilimwona Mwalimu Agnesi akitembea peke yake Uwandani kutoka ukuta wa skuli mpaka barabarani, hatua ndefu za kulingana, macho chini, midomo ikimchezacheza. Alifika mwisho, akasimama, akaandika, akageuka, akaanza tena upande wa pili. Nilijificha nyuma ya choo. Nilidhani anasoma kitu. Nilidhani anaisomea ardhi yetu maneno ya kuifunga. Leo najua alikuwa akihesabu hatua, maana hakuwa na futi kamba, lakini siku ile nilimpelekea Baba midomo ile kama mtu anayepeleka ushahidi.

Kwenye vikao vyenyewe Mwalimu alikuwa akiuliza, na kila alipouliza mimi nilizidi kubana mdomo. Wavulana walitaka magoli. Mmoja alitaka bembea. Bikombo alisimama, akavuta ushungi wake, akasema, "Mie nataka pahala pa kukaa. Nikikaa, asitokee ntu kun'uliza nafanya nini." Wavulana walicheka. Mwalimu hakucheka, aliandika.

"Na wewe, Salha?"

"Sitaki kitu, Mwalimu."

"Hakuna asiyetaka kitu," alisema kwa upole, akageukia mwingine.

Nikayachukua maneno hayo mpaka nyumbani kama kitisho. Kajuaje kwamba nataka kitu? Na kwa nini anataka kunijua?

Siku nilizokuwa na habari, Baba aliniita. Siku nilizokuwa sina, aliniuliza neno moja, nikasema hapana, naye akageukia mambo yake. Sikuchukua muda kujifunza. Siku nisipoona kitu, nilitafuta. Mwalimu akifunga mlango kwa sababu ya upepo, mimi niliona amefunga mlango. Akizungumza na simu kwa lugha ya kwao, mimi nilisikia jina la kijiji chetu ndani yake. Sikuwa nasema uongo, au ndivyo nilivyojiambia. Nilikuwa nachagua tu.

Kisha ikatokea khitma ya shangazi yake mama huko Kiuyu, na Mama akanichukua. Tulikaa siku tano. Nilirudi Jumatano jioni, na Alhamisi alfajiri nilikwenda skuli mapema kwa sababu zamu ya kufagia ilikuwa yangu.

Karatasi ilikuwa imebandikwa ukutani, pana kama mkeka wa kusalia. Harufu ya makapeni ilikuwa bado imejaa darasani. Pembeni pake palikuwa na vijumba vya penseli na duara za kijani, lakini mimi sikuviona. Niliona katikati. Mistari miwili myekundu, minene, mmoja umeteremka kutoka juu hadi chini, mwingine umeukata kwa kupita.

Nilikuwa sijapata kuona ramani ya mahali ninapopajua. Sikujua kwamba pahala panaweza kuchorwa kama anavyopaona kunguru akiwa juu. Kwangu mimi picha ya nyumba ilikuwa na mlango na paa, na picha ya uwanda ingekuwa na majani na mbuzi. Kwa hiyo sikuona Uwandani pale. Niliona kile nilichokiona kifuani pa Mwalimu Agnesi kila siku, kwenye mkufu mwembamba, kimekuwa kikubwa na chekundu.

Nikaibandua. Nikaikunja mara nne, nikaitia tumboni chini ya nguo ya skuli. Siku nzima ililia kwa kila pumzi yangu, na kila ilipolia nilikohoa.

Baba aliikunjua sakafuni, akaibana pembe kwa mwiko wake na viatu. Akaifuata ile mistari kwa kidole.

"Msalaba," alisema. Neno lile sikulisema mimi. Alilisema yeye, kwa sauti ndogo, na sauti yenyewe haikuwa ya hasira. Ilikuwa ya mtu aliyechoka kuona shaka zake zikitimia. "Nani kachora?"

"Mwalimu."

"Ulimwona?"

Hapo palikuwa na nafasi ndogo, kama upenyo wa mlango. Ningeweza kusema sikuwapo, nilikuwa Kiuyu, na yeye anajua. Lakini alikuwa ameinua uso, ananitazama mimi peke yangu, na nilijua akisikia "hapana" ataushusha.

"Ndiyo," nikasema.

Habari haikupita usiku mmoja. Ijumaa baada ya sala ilikuwa imefika dukani, Jumamosi kisimani. Ilivyokwenda iliota miguu: kwamba katikati ya Uwandani litajengwa kanisa, kwamba saruji imekwishafika Wete, kwamba majina yetu yameandikwa daftarini kwa sababu maalumu. Wazazi waliwatoa watoto wao kwenye vikao. Wanawake waliokuwa wakimpa Mwalimu Agnesi mboga na kuchukua machungwa walianza kuchelewa kuitikia salamu yake. Na watu waliacha kukatiza Uwandani. Walizunguka kwa nje, njia ndefu ya barabarani, na ndoo za maji vichwani, kuliko kukanyaga pale katikati.

Bikombo alinijia uani nikiosha vyombo. Macho yalikuwa mekundu.

"Karatasi yetu imeibiwa," alisema.

"Karatasi gani?"

"Ile kubwa. Hukuiona? Ulikuwa zamu Alhamisi."

"Sikuona kitu."

Alinitazama kidogo. Kisha akaokota sufuria akanisaidia kuosha, kama kawaida yetu, na mimi niliisugua sahani moja mpaka nikaogopa itatoboka. Alisema "karatasi yetu". Nililisikia neno lile, nikalipita.

Jumanne Sheha, kiongozi wa kijiji chetu, aliita mkutano Uwandani baada ya alasiri. Wanaume walikaa upande wa ukuta wa skuli, wanawake upande wa pili, na katikati pote palikuwa patupu, hakuna aliyetaka kusogea. Mwalimu Agnesi alikaa kwenye kiti alichopewa, mikono juu ya mapaja. Alikuwa amevaa mtandio siku ile. Sikupata kumwona nao kabla, na hata huo niliuona hila.

Sheha alikuwa mtu wa taratibu. Alisoma dua, akaikunjua karatasi aliyopelekewa na Baba, akaiinua wote waione. Wanawake wawili walivuta pumzi.

"Mwalimu, karatasi hii waijua?"

"Naijua, Sheha. Ni yetu. Ilipotea Alhamisi."

"Na hiki cha katikati n'nini?"

"Ni njia."

Baba alisimama. Sikuwa nimepata kumwona akisimama mbele za watu. "Njia," alisema. "Njia ya kwendea wapi?"

Mwalimu alitazama upande wa wanawake. "Naomba aliyechora aseme mwenyewe," alisema. "Kama mama yake ataruhusu."

Nikamwona mama yake Bikombo akiushika upindo wa kanga ya mwanawe na kuuvuta chini, na Bikombo akisimama hivyo hivyo, kanga imevutika bega moja.

"Mie ndo n'lochora," alisema. "Mwalimu alitwambia kabla hatujataka kitu kipya, tutazame kwanza kilichopo. Tukakaa pale dirishani siku tatu, tukahesabu watu wapita wapi. Hii yatoka majumbani kwenda kisimani. Na hii yatoka barabarani kwenda chuo cha Kurani na msikitini. Ndo wanazopita watu wengi. Nikazitia nyekundu tusije tukaweka mti au kiti katikati ya njia ya watu."

Siku tatu dirishani. Siku zile mimi nilikuwa Kiuyu nakula wali wa khitma.

"Na mbona zikakatana?" aliuliza mzee mmoja, bado ana shaka.

"Sijui, babu," alisema Bikombo. "Waulizwe walozipita."

Manung'uniko yalianza. Wapo walioelewa, wapo waliosema mtoto kafundishwa maneno. Baba alikuwa bado amesimama. Naamini mkutano ule ungeishia vibaya, kama inavyoishia mikutano ambayo kila mtu amekuja na jibu lake mfukoni, lau asingetokea Bibi.

Bibi, mama yake Baba, alikuwa akikaa ng'ambo ya Uwandani, upande wa kisima. Masikio yake yalikuwa mazito na goti lake la kushoto lilikuwa baya. Hakuna aliyempa habari, au alipewa hakusikia. Tulimwona anakuja na pakacha la shelisheli kichwani, anachechemea, amenyooka na ile njia yake, kuelekea kwetu moja kwa moja.

"Mama, zunguka!" Sheha alimpigia kelele. "Pita kule nje!"

"Eeh?"

"Zunguka!"

"N'zunguke n'ende wapi? Na goti hili?" Akaja vile vile.

Baba alitoka mbio akamkuta pale pale njia zinapokatana. Kwa kuwa Bibi hasikii, ilibidi aseme kwa sauti, na sote tukasikia. "Mama, watu hawapiti hapa sasa. Wasema pana msalaba."

Bibi alisimama. Akaushika mzigo wake kwa mkono mmoja, akatazama chini, mbele, nyuma, kulia, kushoto. Ardhi ilikuwa imekanyagika mpaka ikawa ngumu na nyeupe kama sahani, na majani yamesimama pande zote nne.

"Nani kauweka?"

"Ndo twauliza."

"Hino," alisema Bibi, akipiga njia kwa unyayo wake, "n'loifanya mie. Nkenda kisimani na tumbo lako mbele, palikuwa hapana hata uchochoro. Na ile kaifanya babako akenda sala. Kama pana msalaba basi tumeuweka sie, na babako mwenyewe kafa, kan'ulize mie. Haya n'tolee mzigo huu, shingo yan'uma."

Mtu mmoja alicheka upande wa wanawake. Kisha wawili. Kisha kicheko kikapita uwanja mzima, na wanaume waliokuwa wamekunja nyuso wakawa wanajifuta macho. Hata Sheha aligeuka akatazama ukuta. Mwalimu Agnesi hakucheka. Aliinamisha kichwa, na mabega yake yakashuka, kama mtu aliyekuwa amebeba ndoo mbili siku tano.

Baba naye hakucheka. Alimtua Bibi mzigo, akarudi, akaichukua ile karatasi mikononi mwa Sheha. Aliitazama. Akatazama uwanda. Akaitazama tena. Nadhani aliiona wakati huo, maana alikuwa mwashi, alijua ramani kuliko wote waliokuwapo pale. Hofu ndiyo iliyokuwa imemfunika macho. Uso ulimwiva. Akasema, si kwa kelele, lakini kila mtu alisikia:

"Mie nliletewa na mwanangu. Salha. Kan'ambia kamwona Mwalimu akichora."

Sikumlaumu sana nilipokua. Mtu anayezama hushika kilicho karibu. Lakini siku ile niliona uwanda wote umegeuka kunitazama, na katika macho yote hayo nilikuwa natafuta mawili tu. Bikombo alikuwa amegeuza uso wake upande wa barabara.

Kazi ya Uwandani ikaendelea. Baba hakuacha shaka yake; aliibadilisha kazi tu. Alikwenda kwa Sheha mara tatu kudai iandikwe, kwa mhuri, kwamba Uwandani ni pa shehia, hapauzwi wala hapagaiwi, na kila mchoro wa watoto ubandikwe mlangoni mwa duka watu wote waone. Watu walimwona msumbufu. Karatasi ile ya mhuri ipo mpaka leo, na baadaye walipokuja watu wengine wenye vigingi, ndiyo waliyoonyeshwa, wakaondoka. Shaka ya Baba ilitoka kwenye ukuta alioujenga kwa mikono yake. Yangu ilitoka kwenye kutaka kukaa ubavuni mwa mtu kwenye mkeka. Zilifanana kwa nje tu.

Baba hakuniita tena barazani.

Na wenzangu sasa walinitilia shaka mimi. Nilirudi kwenye vikao kwa sababu Mama alinilazimisha, akasema anayeharibu hakimbii. Nikiingia, maneno yalikatika. Nikisogea, karatasi ilikunjwa. Walinipa jina, Redio, na hawakulisema kwa kelele. Walilisema chini chini, kisha wakanyamaza. Tulipokuwa tukiokota vigae vya chupa, kila mtu alikuwa na mwenziwe wa kushika gunia. Mimi niliokota na kuviweka ndani ya ushungi wangu mpaka ukachanika. Bikombo alikuwa hatua kumi kutoka kwangu. Alivuta gunia lake upande mwingine.

Siku moja nilibaki nyuma, nikamngoja Mwalimu Agnesi afunge darasa. Nilikuwa nimepanga maneno mengi. Yote yalipotea.

"Mwalimu, mimi ndiye..."

"Najua," alisema. Aliendelea kupanga vitabu. "Uliniuliza ile mistari ni nini?"

"Hapana."

"Bikombo ulimwuliza?"

"Hapana."

"Siku nyingine uliza," alisema. Hakulainisha sauti yake, na hakunishika kichwa. Nilisimama nikingoja adhabu, maana nilidhani nikiadhibiwa itakwisha. Badala yake alivuta droo, akatoa ufunguo mdogo wenye kamba ya katani. "Huu ni wa stoo ya majembe na ndoo. Mimi naondoka mapema siku hizi, ninasomesha wa jioni. Utakaa nao wewe nyumbani. Atakayetaka jembe aje achukue kwako."

"Hawatakuja, Mwalimu."

"Basi hawatapata majembe."

Niliuvaa shingoni chini ya nguo. Nilishuku kwamba ni mtego. Nilishuku anataka upotee ili watu wapate kusema tena. Nililala nao. Niliamka nao ngozini umechora alama.

Siku ya kwanza hakuja mtu mpaka jua likaanza kushuka. Kisha nikasikia hodi. Walikuwa wamemtuma Bikombo, kwa kuwa nyumba zao ni za kupakana na zetu, au kwa kuwa hakuna mwingine aliyekubali. Alisimama nje ya kizingiti alichokuwa akikiruka bila hodi tangu alipojua kutambaa.

"Ufunguo," alisema, akitazama bawaba ya mlango.

Nikampa. Magharibi akaurudisha, akauweka juu ya baraza, akaondoka.

Ikawa hivyo wiki ile, na wiki iliyofuata. Hodi, ufunguo, kimya. Tulipanda miti ya mikungu kwa ajili ya kivuli na miarubaini pembezoni. Tulipanga mawe pande zote mbili za zile njia mbili mpaka zikakatana. Baba alikuja jioni moja bila kuitwa na mwiko wake, akatazama viti vya saruji vilivyokuwa vikimwagwa, akasema vimepinda, akavinyoosha. Mimi nilichimba mashimo yangu peke yangu, nikajaza ndoo zangu peke yangu. Nilizoea. Au nilijiambia nimezoea, nikawa nahesabu saa kutoka adhuhuri mpaka ile hodi.

Halafu zikaja mvua za masika, na siku moja ikanyesha tangu asubuhi, ile mvua ya Pemba isiyokuwa na haraka, inayokaa kama mgeni aliyeleta mzigo. Barabara ikawa mto. Mbuzi walilia chini ya mapaa. Nilikuwa barazani peke yangu, nimeuvua ufunguo nauzungusha kidoleni, nikijua kwamba leo hakuna atakayekuja.

Nikamwona anavuka, amejifunika mfuko wa nailoni kichwani, miguu mitupu, sketi imemganda. Alipanda ngazi, akasimama, maji yanamchuruzika kidevuni.

Nikamnyooshea ufunguo. Hakuupokea.

"Leo hapana kazi," nikamwambia. "Mvua."

"Najua," alisema Bikombo.

Akavua ule mfuko, akaukung'uta, akakaa mkekani.